Mita ya Duka la Cupido

Kabati la gemu, lile la kuchezewa kwa sarafu, liliingia nyumbani kwa akina Jaftha kwa mlango wa mbele, Jumanne saa nne asubuhi, likiwa limebebwa na wanaume watatu na kusukumwa na wa nne. Kwa mlango wa nyuma lisingepita. Nyumba za halmashauri za mtaa wetu, Hanover Park, zilichorwa na mtu ambaye hakuwahi kufikiri kwamba siku moja tungekuwa na kitu kikubwa cha kuingiza. Likasimamishwa sebuleni, kati ya kochi na televisheni. Bi Stienie, aliyekuwa mezani akichambua dengu, akaliangalia toka juu hadi chini kama mtu aliyeletewa maiti aitambue.

"Hilo linatoka wapi?"

"Ni kazi, Mama," alisema Merwyn, mwanawe. "Nalitengeneza, wiki tatu, linaondoka."

"Sijauliza linaondoka lini. Nimeuliza linatoka wapi."

Merwyn alikuwa na miaka arobaini, na bado alipoulizwa na mama yake alitazama viatu vyake. "Kwa Gershwin Cupido. Baba yake anatimiza themanini. Wanataka kumfanyia zawadi."

Bi Stienie akatoa kijiwe kimoja kwenye dengu, akakiweka pembeni. "Lisogeze," alisema. "Nataka kuona barabara."

Mtaa mzima ulijua kwa nini hakutaka kuliona. Mwaka 1988 alikuwa msafishaji wa duka la Abel Cupido, pale kona, na kabati hili lilisimama karibu na friji ya soda. Kila Ijumaa mzungu wa kampuni iliyokodisha mashine alikuja na daftari, akasoma mita iliyofungwa ndani ya kabati, ile inayohesabu kila mchezo uliolipiwa, halafu akafungua sanduku la senti ishirini-ishirini. Kwa wiki sita mfululizo sarafu zilikuwa chache kuliko mita. Mzungu akamgeukia Cupido. Cupido akamgeukia msafishaji, ambaye kila alfajiri alikuwa peke yake dukani na funguo zikining'inia ukutani. Msafishaji hakuwa na mtu wa chini yake wa kumgeukia.

Polisi hawakuitwa. Cupido alikuwa mzee wa kanisa na alipenda mambo yaishie kanisani. Jina lake kamili, Christina Jaftha, likasomwa mbele ya watu, akatengwa na Meza ya Bwana mpaka atakapotubu. Hakutubu. Huu ulikuwa mwaka wa ishirini na tisa.

Wiki mbili kabla ya kabati kuja, mchungaji mpya, kijana wa watu, alipita kumsihi. Kwetu mtu aliyetengwa hazikwi kutoka kanisani. Jeneza lake huwekwa uani, kati ya kamba za nguo, na kengele haipigwi.

"Anti Stienie, ni neno moja tu. 'Nimekosa.' Nikishalisikia, Jumapili unakula mezani na wenzako. Kliniki wamesemaje kuhusu moyo?"

"Wamesema umechoka."

"Sasa si unaona?"

"Umechoka, Mchungaji. Hawajasema umeiba."

*

Merwyn alikuwa ametengeneza televisheni kwa miaka kumi na tisa, mpaka watu walipoacha kuzitengeneza na kuanza kuzitupa, na duka alilofanyia kazi likafungwa. Sasa alizunguka na begi lake, nyumba hadi nyumba: pasi, mashine za kufulia, king'amuzi kilichomwagiwa chai. Kazi ya Gershwin ilikuwa kubwa kuliko zote alizopata mwaka ule. Mkewe, Lavona, aliyeshona kola katika kiwanda cha mashati, ndiye aliyemwambia aichukue. Pesa haijui imetoka kwa nani, alisema. Mama atanuna, halafu atazoea.

Akaanza na mgongo. Alifungua ubao wa nyuma, akatoa vumbi la ndoo mbili na mende waliokauka. Alichukua bisibisi ndefu, akaifunga waya, akautoa umeme unaobaki umejificha ndani ya kioo hata plagi ikiwa imechomolewa. Umeme wa aina hiyo umewahi kumtupa fundi ukutani. Akabadilisha vikopo vidogo vya kutunza umeme vilivyovimba vichwa. Kijiti cha kuchezea kilikuwa kimelegea kama jino la mtoto. Rangi ya ubavuni ilikuwa imeungua kwa sigara, alama nyeusi zimejipanga pale ambapo wakubwa waliweka sigara zao walipohitaji mikono miwili.

Kilichomsumbua zaidi ni chini. Ubao wa miguuni ulikuwa umevimba na kupasuka tabaka tabaka kama mkate uliochovywa kwenye chai.

"Hapo kata pote," alisema Gershwin alipopita kukagua. Alikuwa mtu wa bima, shati jeupe, simu mbili. "Nataka liwe kama siku lilipotoka kiwandani. Nani aliliharibu hivi?"

"Hayo maji ni yangu," alisema Bi Stienie kutoka dirishani. "Ndoo mbili kila asubuhi. Baba yako alitaka sakafu ing'ae kabla watu wa mkate hawajafika."

"Basi, Anti, mharibifu ni wewe," Gershwin alisema, akacheka. Alicheka peke yake. Alipoona hivyo akainama kidogo, kama anayemnong'oneza mgonjwa. "Unajua, Anti, mzee wangu hana kinyongo na mtu. Yaliyopita yamepita."

"Yalipita wapi?" aliuliza Bi Stienie. "Mimi nakaa hapa dirishani kila siku. Sijayaona yakipita."

*

Jumamosi ya wiki ya pili, mchana, kioo kiliwaka. Lavona alikuwa ndiyo kwanza ametoka kazini, viatu mkononi. Bi Stienie alikuwa kwa jirani. Wimbo mwembamba ukajaza sebule, na Merwyn akarudi nyuma hatua mbili, mikono kiunoni, uso wake ukiwa wa mtu aliyepata habari njema ya zamani.

"Cheza tuone," alisema Lavona.

"Nacheza na nini? Mlango wake unataka senti ishirini za zamani, zile nene. Hizi za sasa zinadondoka tu." Akafikiri kidogo. Akaenda jikoni, akarudi na kiwashio cha jiko, akakifungua kwa bisibisi, akatoa kile kipande cha ndani kinachobonyezwa kikatoa cheche. "Tazama. Ulikuwa hujui umeolewa na bingwa."

Akakigusisha kwenye kufuli la mlango wa sarafu, akabonyeza. Cheche ikaruka. Kabati likalia mlio wake wa kupokea pesa, na kioo kikaandika kwamba kuna mchezo mmoja uliolipiwa.

Lavona akacheka. "Kumbe nimeolewa na jambazi."

Merwyn hakucheka. Ubao wa nyuma ulikuwa bado haujafungwa, na kutoka ndani alikuwa amesikia kitu kikisema tik.

Akazunguka nyuma, akamulika kwa simu. Mita ilisoma 41,886. Akanyoosha mkono hadi mbele, akabonyeza tena. Tik. 41,887. Akabonyeza tena.

Mtu mwingine angehitaji kuelezwa. Yeye alikuwa fundi. Sarafu haikuwa ikiigusa ile mita hata kidogo. Mita iliendeshwa na ubao wa umeme, na ubao ukidanganywa kwa cheche kwamba umelipwa, mita nayo inauandika uongo huo, namba safi, bila kusitasita. Mzungu wa Ijumaa alisoma namba safi. Katika nchi hii namba safi iliyoandikwa na chombo cha kampuni ilikuwa na uzito kuliko neno la mwanamke mwenye ndoo, na asifikiri mtu kwamba nasema ya zamani tu.

"Nini?" aliuliza Lavona. "Merwyn, umeguswa na umeme?"

Alikuwa amekaa sakafuni. "Nilikuwa na miaka kumi na moja. Kipande kama hiki nilikitoa kwenye kiwashio cha Mama. Alinunua kingine, nikakitoa tena."

"Wangapi walijua huo mchezo?"

"Mimi tu. Ndiyo maana nilikuwa bingwa."

Lavona akaweka viatu chini, taratibu. Ilimchukua muda kulifikia alilolifikia mumewe, na alipolifikia hakupaza sauti. "Sasa nisikilize. Funga hilo kabati, kesho kutwa walichukue. Wewe unaingia vyumbani mwa watu. Wanakuacha na begi lako peke yako na saa zao mezani. Ukisema hili, nani atakufungulia mlango?"

"Mama anakufa, Lavona. Watamweka uani."

"Basi mwambie yeye. Humu ndani, kati yenu."

"Humu ndani tunajua hakuiba. Hatujawahi kufikiri aliiba."

Lavona akaokota kiwashio kilichofumuliwa, akajaribu kukirudisha kama kilivyokuwa, kikamshinda.

*

Alimwambia Jumapili asubuhi, kabla ya kanisa, Bi Stienie akiwa amesimama jikoni anachovya maandazi ya viungo kwenye shira na kuyaviringisha kwenye nazi. Majirani kumi na wawili huwa wanatuma watoto na bakuli kuyachukua. Merwyn alisema yote kwa pumzi moja, akiitazama sufuria.

Bi Stienie alimaliza andazi alilokuwa nalo mkononi.

"Mara ngapi?"

"Kila siku baada ya shule. Siku nyingine mara kumi, kumi na tano."

"Na ulikuwa unashinda?"

Hakulitegemea swali hilo. "Ndiyo, Mama. Hakuna aliyenifikia."

"Eti." Akachovya jingine. "Nilipofukuzwa ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa hapa. Ulikaa kwenye ngazi na aproni bado kiunoni."

"Hukujiuliza?"

Shira ilitokota. Mtu anaweza kusema hakujua mita inahesabu, na ingekuwa kweli. Merwyn alifungua mdomo aseme hivyo, akaona kwamba silo aliloulizwa.

"Nilijiuliza," alisema. "Halafu nikaacha."

Bi Stienie akafuta mikono yake, kidole kimoja kimoja. Kwa siku tatu hakumwambia mwanawe neno. Alipakua chakula cha Lavona na chake, akafunika sufuria. Merwyn alijipakulia mwenyewe, akala amesimama. Siku ya nne, akiwa anapiga pasi, akasema bila kugeuka, "Mlete Cupido."

"Mama, Gershwin anataka asilione mpaka siku ya sherehe."

"Mwambie Gershwin mashine ya baba yake ina ugonjwa ambao baba yake tu ndiye anaujua."

*

Walikuja Ijumaa saa kumi jioni. Mzee Abel Cupido alikuwa amebaki mifupa na suti, lakini suti ilikuwa imepigwa pasi. Alipoliona kabati alisimama mlangoni, na uso wake ukafanya kitu cha kitoto.

"Hili lililipa ada ya shule yako," alimwambia Gershwin, akilipapasa. "Na paa la duka. Merwyn, mikono yako ina baraka. Stienie, habari za siku nyingi."

"Njema, Mzee."

Alikaribishwa kiti. Hakuletewa chai. Kwetu mtu anaweza kuingia na habari za kifo na bado akaletewa chai kwanza, na Mzee Cupido, aliyekuwa ameshaanza kutafuta mahali pa kuweka kofia ili apokee kikombe, aliielewa hali ile na kofia akaibakiza magotini.

"Merwyn," alisema Bi Stienie. "Mwoneshe."

Merwyn aliigeuza mashine ubavu ili mita ionekane. Akabonyeza cheche. Tik. Akaeleza, kwa ufupi, kama anavyoeleza wateja kwa nini pasi haipati moto. Akabonyeza tena mara tano, polepole, na mzee akawa anaifuata namba kwa macho, midomo ikicheza.

"Bila sarafu," alisema Mzee Cupido.

"Bila sarafu."

"Na mbonyezaji alikuwa wewe."

"Mimi, Mzee."

Mzee aliegemea nyuma. Kile kilichomjia usoni hakikuwa aibu. Ilikuwa nafuu. "Basi nyumba sikukosea," alisema. "Nilikosea chumba tu."

Gershwin akatazama simu yake.

"Nyumba haikutengwa, Mzee," alisema Bi Stienie. Sauti yake ilikuwa ya chini. "Nyumba haikuvuliwa aproni mbele ya wateja. Nyumba haikukataliwa kazi kila duka la mtaa huu mpaka ikaenda kufua nguo za watu kule ng'ambo ya reli. Nilikuwa mimi, nina jina, na wewe ndiye uliyelisoma."

"Stienie, mimi nilipewa namba. Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

"Ningemuuliza Stienie."

"Nilikuuliza."

"Uliniuliza nimezificha wapi."

Upepo wa kusini-mashariki ulikuwa unapiga bati la uzio wa jirani. Mzee Cupido alizungusha kofia. "Unataka nini?"

"Ulilisoma kanisani. Lisomwe tena, kanisani, na ukweli wake."

"Ukisomwa ukweli wake, na huyu atasomwa." Alimwonyesha Merwyn kwa kidevu. "Fundi anayeingia majumbani. Umelifikiria hilo?"

Bi Stienie alikuwa amelifikiria siku tatu, na ndizo zile siku ambazo hakumpakulia. Alimtazama mwanawe kwa mara ya kwanza tangu Jumapili. Lavona, mlangoni mwa jikoni, alitikisa kichwa kidogo sana, hapana.

"Nisomeni," alisema Merwyn.

Gershwin alisimama. Alisema yeye alileta mashine, hakuleta baba yake mahakamani. Jioni ile ile wale wanaume wanne walirudi wakalibeba kabati kama lilivyokuwa, kijiti kimoja bado hakijafungwa, na waya zikiburura sakafuni.

*

Baraza la wazee wa kanisa lilikaa mara mbili. Jumapili ya Meza, mchungaji kijana alifungua karatasi na kuisoma.

Nimeishi na karatasi za namna ile. Ilisema kwamba mwaka 1988 hitilafu ya mashine ilitokea. Kwamba mashine hiyo ilichezewa na mtoto, Merwyn Jaftha, ambaye sasa ni mtu mzima na amekiri. Kwamba kutokana na hitilafu hiyo, dada yetu Christina Jaftha alitengwa. Kwamba sasa anarudishwa kundini, na Bwana asifiwe.

Sikilizeni ilivyotengenezwa. Mtoto ana jina. Mashine ina kosa. Aliyetenga hayumo. Tulisomewa hivyo hivyo wakati wa kutolewa Claremont, mtaa wetu wa zamani uliofanywa wa wazungu: eneo limetengwa, nyumba zitabomolewa, familia zitahamishwa. Tulihifadhi barua zile kwenye makopo ya biskuti, na hakuna hata moja iliyosema ni nani anabomoa. Unageuza neno kidogo tu mwishoni mwake, na mwenye kutenda anatoka kwa mlango wa nyuma akiwa na mikono safi.

Watu waligeuka kumtazama Merwyn. Mwanamke aliyekuwa amekaa karibu naye, ambaye mashine yake ya kufulia ilikuwa nyumbani kwa akina Jaftha tangu Jumatano, alivuta mkoba wake kutoka kwenye benchi akaupakata. Merwyn aliona. Lavona aliona pia, akamshika mumewe mkono, akaubana hadi pete ikaumiza.

"Dada Christina," alisema mchungaji kwa furaha ya kweli, "karibu mezani."

Bi Stienie alisimama. Alikuwa kwenye benchi la mwisho, karibu na mlango, alipokaa miaka yote ile kwa kuwa ni rahisi kutoka kabla mkate haujapitishwa. Alishika kiegemeo cha benchi la mbele yake. Hakwenda.

"Mchungaji," alisema, "hapo umesoma nilitengwa."

"Ndiyo, Anti."

"Na nani?"

Mchungaji alitazama karatasi, kama jina lingeweza kuwa limejificha mahali. "Ni, ni baraza, Anti. Baraza la wakati ule."

"Baraza lilikuwa watu. Wengine tumewazika. Mmoja yupo hapo mbele. Karatasi imemtaja mwanangu kwa jina lake na la baba yake, na ni haki atajwe. Nauliza la mwingine."

Katika benchi la wazee Gershwin alimwekea baba yake mkono begani, mkono wa kumzuia. Mzee Cupido akauondoa. Ilimchukua muda kusimama. Alijivuta kwa fimbo, akapumzika nusu njia, akamalizia, na aliposimama alikuwa ameitazama meza, mkate na kikombe, mgongo kwetu.

"Mimi," alisema.

"Huku nyuma hatujasikia, Mzee," alisema Bi Stienie.

Ilibidi ageuke. Aligeuka kwa vihatua, mkono mmoja ukifuata kiegemeo cha benchi, mpaka akatuelekea sote, na macho yake yalikuwa na maji ambayo siwezi kuapa yalikuwa ya nini. Wazee wa umri ule macho huwatoka maji tu.

"Mimi, Abel Cupido," alisema. "Nilimtenga Stienie Jaftha. Hakuwa amechukua kitu."

Bi Stienie akaachia benchi. Akaanza kwenda mbele kwa mwendo wa moyo wake, hatua na kituo, hatua na kituo. Alipofika usawa wa mwanawe, Merwyn aliinuka ampe mkono wa kuegemea hadi mezani. Mama yake alimtazama, akamsawazishia kola ya shati, akamwekea kiganja kifuani, akamrudisha akaketi.

"Wewe kaa," alimwambia. "Leo ni zamu yangu. Yako bado."